Pete ya Mjane Asiyekuwepo

Jumatatu, 3 Juni

Fundi saa anastaafu. Hatimaye! Macho yake yamechoka, anakwenda kuishi kwa binti yake. Kibanda chake cha mbele, chenye bati jipya na kinachotazama barabara, kinabaki wazi. Jumamosi mafundi wote wa uwanja tutanyoosha mikono kuamua nani akichukue.

Kibanda hicho ni changu. Sisemi nakitaka, nasema ni changu. Nimetengeneza makochi huko nyuma ya uwanja, kando ya mtaro, tangu mapacha wangu hawajaota meno, na sasa wananizidi urefu. Mvua ikinyesha, sponji zangu zinakunywa maji. Mteja akitaka kunifikia lazima apite kwa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti. Moto wake ulitoboa kochi la mahameli la bibi harusi. Nilipomlalamikia akasema tundu lenyewe ni dogo, bibi harusi atalikalia.

Tatizo ni kwamba Cheche naye anakitaka kibanda. Na watu wanampenda! Zamani hawakumpenda. Walianza mwaka jana, rafiki yangu Brashi, fundi rangi, alipokuwa akipaka geti la Cheche na kusema mbele za watu kwamba chuma chenyewe kimeoza, kinacholisimamisha geti ni rangi tu. Ulikuwa utani. Mteja akasikia, akaghairi. Kikaitishwa kikao.

Sheria za uwanja wetu ni nyingi ila inayofuatwa ni moja. Aliyemsemea mwenzake uongo anapanda juu ya kreti, anarudia alilolisema, anakiri kuwa ni uongo, kisha anakunywa kikombe cha maji mbele ya wote, kuonyesha kwamba maneno yake ameyameza. Aliyesemwa anampa mkono. Yamekwisha. Akirudia kosa mara ya pili, anakusanya vyombo vyake na kwenda zake.

Brashi alikunywa. Tangu siku hiyo Cheche amekuwa malaika. Watu walikuja kuyagonga mageti yake, wakayakuta imara, wakanunua. Redio, dada anayetuuzia chai na habari, akaanza kumtilia sukari bila kumpimia. Kumbe kuonewa kuna utamu wake!

Nikajiuliza mimi nimewahi kusemwa nini. Hakuna. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunisengenya. Nimeudhika sana.

Jioni nikamwuliza mke wangu, mwalimu wa Kiswahili, lile alilotendewa Cheche linaitwaje. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema bila kuinua kichwa kwamba inategemea. Kumsema mtu asipokuwepo ni kumsengenya, hata ukisema kweli. Kuzitembeza habari za watu nyumba kwa nyumba ni umbea. Kutunga jambo ambalo halikutokea ni kuzusha. Na uzushi ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, hapo umemkashifu. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema napanua akili. Akaweka kalamu chini, akanitazama, akaichukua tena.

Basi ninachohitaji ni mtu wa kunizushia. Na kama hapatikani, si lazima kazi nimwachie mwingine.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kidogo kidogo, kwa tahadhari. Asubuhi nilipokwenda kuchukua chai nikamwambia Redio kwa sauti ya chini kwamba nimesikia watu wanasema mimi simalizi kazi kwa wakati. Redio hakushtuka hata chembe. Akasema hilo mbona linajulikana. Wawili waliokuwa wakinywa chai wakaitikia kwa vichwa. Mmoja ni mteja wangu, kochi lake liko kwangu tangu mvua zilizopita, na akaniuliza hapo hapo limefikia wapi. Nikaiacha chai mezani, nikaondoka upesi.

Mchana nikajaribu tena. Nikasema nimesikia eti mimi ni mbishi. Redio akasema ndiyo. Nikabisha. Akasema unaona? Nikasema basi wengine wanadai najisifu. Akasema ndiyo, tena akamwita muuza vitambaa aje atoe mfano. Muuza vitambaa alikuwa na mifano mitatu.

Nimemwuliza mke wangu kwa mbali, kama swali la mtihani: mtu akisemwa vibaya, na lililosemwa ni kweli, je, amekashifiwa? Akasema anaweza kuwa amesengenywa, anaweza kuwa ametangazwa, lakini hawezi kumdai mtu ameze maneno ya kweli. Nikavunjika moyo. Yaani lazima liwe la uongo! Na uongo mbaya juu yangu haupatikani kirahisi. Nilikaa nikitafuta ubaya ambao sijawahi kuufanya. Kila nikipata mmoja, nakumbuka.

Nikamfuata Brashi. Nikamwuliza ni uovu gani ambao mtu anayenijua angekataa katakata kwamba nimeufanya. Brashi ni mtu wa haki, hajibu ovyo. Alipaka mlango mzima, upande wa nje na wa ndani, ndipo akajibu: wizi. Akasema mengine yote hawezi kuniapia, lakini kitu cha mtu sichukui. Akanikumbusha kopo langu.

Kopo langu! Kila kochi ninalolifungua nakuta humo vitu: sarafu, vijiko, vifungo, penseli, siku moja jino la bandia. Kila kitu nakitia ndani ya kopo, na kochi likimalizika namrudishia mwenyewe. Hata lile jino nilirudisha. Mwenyewe alikana mbele ya mke wake, lakini nilirudisha.

Basi hapo ndipo. Fundi makochi mwizi wa vilivyomo. Brashi, ubarikiwe!

Jumatano, 5 Juni

Nimetunga asubuhi nzima. Uzushi si mchezo, jamani. Wanaoudharau hawajaujaribu. Ukisema fundi kaiba, watu watauliza kaiba nini. Kwanza niliweka sarafu. Sarafu hazina uchungu. Nikaweka hereni. Hereni zinapotea kila siku, nani atalia? Pete, basi! Ya dhahabu! Yenye jiwe jekundu! Ya nani? Si ya bibi harusi, huyo atavishwa nyingine. Ya mjane!

Ikawa hivi. Mjane amevishwa pete na marehemu. Amekonda kwa majonzi, pete ikamponyoka kidoleni, ikazama katikati ya matakia. Fundi makochi akaipata, akainyamazia. Mjane akaja kuuliza huku analia. Fundi akamjibu kwamba akatazame uvunguni kwake. Nilipofika hapo machozi yalinitoka mwenyewe. Nilimchukia sana yule fundi.

Kazi ikawa kumfikishia Redio. Nikaenda nimekunja uso. Nikamwambia nimeumia, kuna maneno mazito yanasemwa juu yangu huko nyuma ya uwanja, na namwomba asimwambie mtu. Nikamhadithia yote, mpaka jiwe jekundu. Redio akaliweka birika chini. Hajawahi kuliweka birika chini kwa ajili yangu! Akatikisa kichwa, akasema kweli ulimi hauna mfupa. Akaapa siri haitatoka.

Kabla ya chakula cha mchana Cheche alikuwa anajua. Saa tisa alikuwa anajua fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, na huko kwake mjane ameshakuwa na watoto sita. Mimi sikumtilia watoto. Lakini si vibaya.

Jioni watu walinipa pole. Mama Mapazia, mwenyekiti wetu, anayeshona mapazia na asiyecheka, alikuja hadi huku nyuma, akavuka mtaro kwa mguu wake, akasema jambo hili haliwezi kuachwa hivi hivi. Kumpakazia mtu wizi ni kumuua akiwa hai. Aliyelitoa atatafutwa, na Jumamosi atasimama juu ya kreti kabla ya kura.

Kabla ya kura! Sikulipanga hilo, limejipanga lenyewe. Nimekula vizuri sana leo.

Alhamisi, 6 Juni

Wamekuja wajane. Sikuwa nimewafikiria wajane wa kweli.

Wa kwanza aliwahi kabla sijafunua turubali. Pete yake ilipotea zamani, na kochi lake si mimi niliyelitengeneza, lakini alitaka kuangalia. Nikamwambia hakuna pete, ni uzushi mtupu. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akaketi kusubiri lije. Wa pili alinitaka nifungue makochi yote mbele yake. Nikafungua mawili. Tukakuta uma. Wa tatu hata mjane si mjane, alikuwa amefuatana na mume wake. Akasema pete ni pete.

Adhuhuri mwenye kochi la kijani alikuja na mkokoteni na shemeji zake wawili. Wakalibeba kochi likiwa halina mgongo, springi zinaning'inia. Akasema atamalizia kwa fundi mwenye mikono misafi. Lilikuwa kochi zuri, na zile springi nilizifunga kwa kamba mimi mwenyewe, moja moja. Nilitaka kumpigia kelele kwamba ni uongo na ninajua kwa hakika kuwa ni uongo. Nikawashikia mkokoteni.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Mama Mapazia amefanya uchunguzi. Alimwuliza Redio maneno yalitoka wapi. Redio akasema yalitoka huko nyuma. Mama Mapazia akajumlisha. Huko nyuma tuko watu wawili, mimi na Brashi. Mimi ndiye niliyezushiwa.

Ala! Nilisema "huko nyuma" kwa sababu ndiko niliko. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia shuleni, kwa mwalimu wa hesabu. Nilitegemea kubembelezwa. Akasema anajua ni uongo, mimi siibi. Ila uzushi hauoti wenyewe kama uyoga. Akaniuliza nadhani nani aliyeutunga. Nikasema lazima ni mtu mwenye kipaji. Nusura nijimalize.

Ijumaa, 7 Juni

Uwanja mzima umemgeukia Brashi. Redio hampi chai. Anamwambia maji hayajachemka, na birika linatoa moshi mbele ya macho yake. Cheche anapita huku na huku akisema kwa sauti kwamba mwenye tabia haachi, mwaka jana geti, mwaka huu makochi. Anawakumbusha watu sheria. Mara ya pili, vyombo nje. Brashi ana watoto na mama mgonjwa nyumbani kwake, na wateja wake wote wanamjua kwa uwanja huu. Akitoka hapa, hakuna atakayemfuata.

Nikajaribu kuokoa mambo kwa gharama ndogo. Nikamwambia Redio kwamba niliposema huko nyuma, nilimaanisha nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta. Akafikiri. Akasema ng'ambo ya ukuta ni shule ya chekechea. Akaniuliza ni mtoto gani. Nikasema sikumwona vizuri.

Nimefikiri sana. Nikisema kweli, kibanda kimekwenda, tena kwa Cheche. Nisiposema, Brashi amekwenda. Nikajiambia fundi rangi si kama fundi makochi. Karakana yake ni ndoo na ngazi, popote penye ukuta pana kazi. Nikajiambia tena. Nikajiambia mara nyingi. Halikuniingia. Chakula cha mchana nilimpa paka.

Kisha nikapata njia: nitamwombea! Brashi akishahukumiwa, mimi mwenyewe, niliyeonewa, nitasimama nimwombee msamaha kwa sauti ya kutetemeka. Brashi anabaki, mimi napata kibanda. Aliyeonewa, na bado akasamehe! Cheche hakufika huko. Yeye mwaka jana alitoa mkono tu, tena huku anatafuna.

Saa kumi Brashi akaja, akaketi juu ya mkono wa kochi ambalo bado halijavishwa kitambaa. Akaniuliza kama na mimi naamini ni yeye. Nikasema hapana. Akaniuliza najuaje. Nikasema namjua yeye. Akashika kichwa. Akasema tangu jana hakuna aliyemwambia neno hilo, hata ndugu zake. Akasema mimi si rafiki, mimi ni ndugu yake wa tumbo moja.

Halafu akasema amezungumza na Mama Mapazia. Akikiri mwenyewe bila ubishi, huenda asifukuzwe. Kwa hiyo kesho atakiri. Hakulisema, lakini atalimeza, ili yaishe, na mimi niende kwenye kura jina langu likiwa safi.

Nilimwambia asifanye hivyo. Nilimwambia kweli, ila kwa sauti ndogo. Alipoondoka nikamwita. Akageuka. Mdomo ukanifunguka, nikamwambia ngazi yake inahitaji kubadilishwa msumari. Akashukuru. Nina haya, na hapa hakuna anayesoma ila mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja ulijaa. Hata watu wa ng'ambo ya barabara walikuja, na wajane wangu wawili, wameketi mbele. Kreti katikati. Kikombe kikubwa cha bati juu ya meza ya mapazia. Mimi nilivaa shati la kola na kuinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama nilivyofanya mazoezi mbele ya kioo.

Brashi akapanda. Mama Mapazia akamwambia arudie alilolisema, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Maskini, angelijua wapi? Redio alimhadithia kila mtu isipokuwa yeye. Akakohoa. Akasema alisema kwamba fundi makochi aliokota hereni. Ya bati. Ya mama mmoja. Akasahau kuirudisha.

Hereni! Ya bati! Akasahau!

Nilijizuia. Mungu ni shahidi, nilijizuia, nilishika kiti kwa mikono miwili. Lakini Mama Mapazia akauliza huyo mama alifanya nini baada ya hapo, na Brashi akajibu kwamba anadhani alinunua nyingine.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema siyo hereni, ni pete! Ya dhahabu! Ina jiwe jekundu! Na siyo mama mmoja, ni mjane, na ilimponyoka kwa kukonda, na alikuja kuuliza analia, na aliambiwa akatazame uvunguni! Nikasema jambo zito halisimuliwi hivyo! Nikasema mtu anakaa anatunga asubuhi nzima, halafu anakuja mwingine analiharibu mbele ya watu!

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilisikia mtaro ukitiririka.

Mama Mapazia akaniuliza taratibu ni nani aliyekaa akitunga asubuhi nzima.

Kwa kawaida majibu hayanipungukii. Nikasema ni mfano tu. Redio akapiga makofi, akasema hata yeye anakumbuka, ni mimi niliyempelekea maneno, na pete, na jiwe. Akaulizwa kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema aliulizwa yametoka wapi, hakuulizwa ameambiwa na nani, na yeye habebi habari asizoulizwa. Watu walimzomea kidogo kwa hilo. Cheche akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akataka nitupwe nje na makochi yangu yote.

Mama Mapazia akanyoosha mkono. Akasema sheria ni sheria. Nani amesemewa uongo? Mimi. Nani aliyeusema? Mimi. Ni kosa langu la kwanza. Basi nipande kreti nijiombe radhi.

Nikapanda. Nikarudia uongo wote tangu mwanzo, na nasema bila kujisifu kwamba safari hii ulisimuliwa ipasavyo. Mjane mmoja alifuta macho. Nikakiri kwamba ni uongo. Nikanywa. Kikombe kile kinatosha kumwogesha mtoto. Kisha ikabidi aliyesemwa ampe mkono aliyesema, nikaushika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wangu wa kulia. Mama Mapazia, bila kucheka, akaniuliza kama nimejisamehe. Nikamwomba anipe muda nifikirie, kwa sababu radhi yenyewe niliiona imetolewa juu juu. Uwanja ukaangua kicheko. Fundi baiskeli alikaa chini kabisa, ardhini.

Mama Mapazia akangoja kicheko kiishe. Akasema liko la pili, nalo halichekeshi. Kuna mtu amesingiziwa, na mimi nilikuwa na neno moja la kumwokoa, nikalikalia siku mbili. Nipande tena.

Kikombe cha pili. Nilisema nimekosa. Hakuna aliyecheka. Brashi alinipa mkono kwa sababu sheria inamtaka atoe mkono, lakini hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko maji, na maji yalikuwa yananiuma sana.

Ndipo ikaja kura. Cheche akasimama. Akasema amemwandama Brashi tangu juzi bila haki na ameona haya, yeye anajitoa, kibanda apewe Brashi. Cheche! Mikono yote ikapanda juu. Wangu nao ulikuwa juu. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani. Umehesabiwa.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu alipata habari zote sokoni. Amecheka hadi akashika ukuta. Akaniomba nimwonyeshe jinsi nilivyojipa mkono. Nikakataa. Mapacha wakamwonyesha, walikuwepo.

Kisha akaacha kucheka. Akasema habari ya pete ni upuuzi, ameshausamehe. Lakini nilimwangalia mwenzangu akibebeshwa mzigo wangu, nikamwacha abebe. Akasema hilo nalo lina jina lake kwenye Kiswahili, na hatanitajia, nilitafute mwenyewe. Akarudi kwenye madaftari yake. Sikulitafuta. Nalijua.

Alasiri mlango ukagongwa. Brashi! Nilidhani amekuja kunitukana, nikaandaa ya kumjibu. Akakataa kuketi. Akakataa maji, akasema maji nilikunywa mimi ya wote. Akasema bado ana hasira nami na itachukua muda. Lakini kibanda cha mbele ni kipana, na yeye ana ndoo na ngazi tu, nusu itakaa bure. Kesho nihamishe vitu vyangu nije. Akasema sponji zangu zikilowa tena atanisikia nikilalamika mwaka mzima, na hilo ndilo hasa asiloweza kulivumilia. Akaniaga, akaenda.

Nililia. Si sana. Nilikwenda jikoni, nikalia kidogo, mke wangu akanipitishia kanga yake. Nimeapa kwamba nimebadilika. Nimeapa kwa sauti, kila mtu nyumbani amesikia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimehamia mbele! Pakavu! Barabara yote naiona. Kabla ya saa nne mteja ameshasimama, ana seti nzima ya makochi, na ameshika kitambaa cha kijivu kwa vidole akasema hiki hiki. Huko nyuma ningemngoja hadi mwezi ujao. Brashi amepigilia msumari wa kutundikia mkasi wangu, akaupima kwanza na urefu wa mkono wangu. Nimepata nilichokitaka, na nimekipata bure.

Lakini.

Kila apitaye anamsalimia Brashi. Brashi hujambo, Brashi pole na yaliyokupata, Brashi njoo utupakie ukuta. Mimi naulizwa kama nimeshajisamehe. Mteja wa kitambaa cha kijivu naye aliuliza.

Nimekaa nikachambua nilikosea wapi, na nimepaona. Nilikosea cheo. Nilidhani anayependwa ni yule anayesemwa vibaya. Sivyo! Anayesemwa anahurumiwa tu, na huruma inachuja. Tazama Cheche. Alisimama Jumamosi akasema maneno mawili ya kumtetea Brashi, leo watu wanampiga mabega, wanamwita muungwana. Muungwana, Cheche! Cheo ni cha mtetezi. Na mtetezi anahitaji kitu kimoja tu, mtu aliyesingiziwa, tena awe karibu.

Kwa hiyo nyundo yangu ndogo ya kupigilia vitambaa nimeizamisha ndani ya ndoo ya Brashi, chini kabisa, chini ya brashi zake. Kesho asubuhi nitaiulizia kwa sauti. Itatafutwa. Itaonekana. Watu watasema mwizi. Hapo mimi nitapanda juu ya kreti kabla hata hawajaniita, niseme kamwe, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, huyu hawezi! Maneno nimeshayatunga. Ni mazuri kuliko ya pete. Nimeweka machozi mahali pawili.

Sasa hivi ameniletea chai bila kuombwa, akaniuliza kama meza yangu inapata mwanga wa kutosha au aisogeze ngazi yake. Maskini Brashi. Hajui jinsi nitakavyomtetea.